Pazia Kati Yangu na Mama Mkwe

Kama unasoma haya ukiwa umelalia tumbo kwa sababu daktari amekuambia ulalie tumbo, pole. Najua shingo inauma. Najua pia umechoka kuambiwa utapona na watu wanaosimama mlangoni wamejifunika midomo. Mimi sikuambii utapona. Mimi si Mungu wala si nesi, ni msagaji tu wa unga hapa Machakos mjini, jina langu Musyoka. Nitakuambia yaliyonipata korona iliponiangusha, na yale yaliyokaribia kumpata mama mkwe wangu baadaye, maana hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Nina posho mili nyuma ya soko. Mashine moja ni ya kusaga, nyingine ni ya kukoboa mahindi ya muthokoi, chakula ambacho Mkamba akikikosa wiki nzima anaanza kugombana na watu bure. Nyumba yetu imepakana na mashine, ukuta kwa ukuta. Sasa, msagaji hukohoa. Vumbi la unga linakaa kooni kama mpangaji asiyelipa, na sisi wa kazi hii tunalizoea. Mke wangu, Nduku, alikuwa akijua ninarudi kwa kusikia kikohozi kabla ya hatua. Kwa hiyo mvua za masika zilipoanza na kikohozi changu kikabadilika, kikawa kikavu na cha kuvuta mbavu, nilisema ni unga. Nduku akasema niende hospitali. Nikasema ni unga. Kyalo, ninayefanya naye kazi, akasema uso wangu umebadilika rangi. Nikamwambia na yeye pia ni mweupe, ni unga.

Mji siku hizo ulikuwa umegeuka. Kila mlango wa duka ulikuwa na mtungi wa maji wenye bomba, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe. Barakoa zilivaliwa kidevuni mpaka askari aonekane. Kwenye lango la hospitali mtu haruhusiwi kuingia bila barakoa, basi watu wa boda boda walikuwa na moja mfukoni ya kuazima abiria. Unaivaa, unapita lango, unairudisha, anapewa mwingine. Nilicheka sana nilipoona mambo hayo. Nilipokuja kuugua nilikumbuka kwamba hata mimi niliwahi kuivaa.

Kilichonifungua macho ni pua. Kabla sijasaga mahindi ya mtu, nachota konzi na kunusa. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota kuvu, na huku kwetu tumeshazika watu kwa sababu ya kuvu hiyo, kwa hiyo hapo sina mzaha. Asubuhi moja nilichota, nikanusa, nikaona yako sawa, nikayamimina. Nyuma kwenye foleni alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu anayepika mahamri ya kuuza, mama wa heshima zake na buibui lake. Akaniuliza kama ninaumwa, kwa sababu mahindi yale yalikuwa yakinuka mpaka pale aliposimama, na yeye alikuwa amevaa barakoa. Niliyachota tena. Sikusikia kitu. Nikafungua kopo la dizeli nikaingiza pua karibu niinywe. Ilikuwa kama kunusa maji. Nilizima mashine, nikamwambia Kyalo afunge, nikaenda hospitali kwa miguu maana pikapu yangu ilikuwa gereji na sikutaka kumpa mtu wa boda ugonjwa.

Pale tulikaa kwenye hema. Viti vilikuwa vimetenganishwa, kila mtu akimtazama mwenzake kama mwizi. Ukikohoa, kichwa kinageuka. Mama mmoja alikuwa akisuka kiondo, akizungusha uzi pole pole bila kuinua macho, na nilijikuta ninakitegemea kiondo chake. Nilijiambia akimaliza mzunguko huu wataniita. Akamaliza mzunguko. Akaanza mwingine. Nilipoitwa, kiondo kilikuwa kimepata shingo. Walinichokonoa pua, wakanibana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa mwilini, wakaniambia ukweli bila kuuzungusha: vitanda vimejaa, hewa yangu iko chini lakini si chini sana, nirudi nyumbani, nilalie tumbo, na nikianza kushindwa kumaliza sentensi niletwe haraka.

Nduku naye alianza homa kabla hata majibu yangu hayajaingia kwenye simu. Yeye akalala chumba cha watoto, mimi chetu. Binti yetu Mwende anaishi Syokimau na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonya, kwa hiyo kuja ilikuwa haiwezekani. Alikuwa akipiga simu analia. "Daddy, usicheze na hii kitu," ananiambia, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikicheza. Ndiye aliyempigia bibi yake kijijini Mwala. Sisi tusingethubutu.

Mama mkwe alifika siku iliyofuata kwa boda boda, amebeba kuku mmoja, ndengu, na majani ya mchaichai. Usoni alikuwa amejifunga kipande cha leso ya zamani. Watoto wetu wanamwita Susu, yaani bibi, na mimi nitamwita hivyo hapa, kwa sababu jina lake halisi sijawahi kulitamka.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiotoka Ukambani. Kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake kuna kitu tunakiita nthoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Mkikutana njiani kila mmoja anapata sababu ya kupita upande wake. Chumba cha kulala cha mwenzako hukanyagi, na mwili wa mwenzako huuoni, hata bega. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao harusini, wanapigwa picha, sawa, hiyo ni dunia yao. Sisi tulioa kwa ile nthoni ya zamani. Serikali ilipotangaza kila mtu akae mbali na mwenzake na asimshike mkono, mimi na Susu tulikuwa tumeitangulia serikali kwa miaka mingi.

Chumba chetu hakina mlango, kina pazia. Susu aliweka kigoda upande wa pili wa pazia na hapo ndipo alipouguza. Kwa Nduku aliingia apendavyo, akamkanda, akamlisha. Kwangu alisukuma sinia ya uji chini ya pazia kwa mpini wa fagio. Na kwa kuwa kuniita na kuongea nami moja kwa moja ni vigumu, aliongea na paka wetu, yule tuliyemweka kwa ajili ya panya wa mashine. "Paka, mwambie mwenye nyumba uji ukipoa hauna maana." Nami ninamjibu paka kwamba nitakunywa. "Paka, muulize mwenye nyumba amelalia tumbo au anadanganya." Nilikuwa nikidanganya. Ninageuka haraka. Sijui alikuwa akijuaje.

Usicheke. Ukiwa umelala peke yako na kifua kimebanwa, sauti ya mtu anayemgombeza paka kwa ajili yako ni dawa.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa mchana, mvua ikipiga mabati. Usingizini nilikuwa nimegeuka nikalala chali, na nilipoamka sikuwa na nguvu ya kurudi. Shati nilikuwa nimelivua kwa joto la homa. Kuvuta hewa kulikuwa kama kunyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Nilijaribu kumwita Nduku, sauti haikutoka, na Nduku mwenyewe alikuwa amezama kwenye homa yake. Nilisikia Susu akimuuliza paka kitu. Sikujibu. Akauliza tena. Halafu nikasikia kigoda kikiburutwa, na pazia likafunguka.

Kwanza leso ilitua kifuani mwangu, kunisitiri. Ndipo mikono ikaja. Ni mikono ya mtu aliyebeba mawe ya kujengea bwawa la mchanga, lile la kuzuia maji mtoni, tangu ujana wake, na ilinishika mmoja begani, mmoja nyongani, ikanigeuza. Akasukuma mto chini ya kifua changu, akanipiga mgongoni kwa kiganja, polepole, mpaka kitu kikafunguka ndani na hewa ikapita. Na mimi nilifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa na nguvu ya kuitoa.

Kisha nikamsikia nje kwenye mvua akiwaita majirani. Mume wa Mama Zuhura alikuja na gari lake, akafungua vioo vyote, akanipeleka. Hospitalini kulikuwa na kitanda kimoja kilichoachwa asubuhi ile. Sikuuliza kiliachwaje.

Ya wodini sitayasimulia mengi. Walinivika kinyago cha oksijeni na nikakaa nacho mpaka kikanichora usoni. Jirani yangu wa kulia alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa kueleza mechi za zamani, anapumua, anaeleza kidogo, anapumua. Siku moja alinyamaza katikati ya mechi, wakavuta pazia. Mpaka leo sijui nani alishinda. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa sana. Nilikuwa nikitazama mlango nikitamani kusikia mtu akigombeza paka.

Niliporudi nyumbani Susu alikuwa kwenye kigoda chake, upande wake wa pazia, kama vile hajawahi kusogea. "Paka," akasema, "mwambie mwenye nyumba amekonda kama mbuzi wa kiangazi." Ndivyo alivyonikaribisha. Siku ile ya mvua hakuitaja, nami sikuitaja, hata kwa Nduku. Kuitaja ingekuwa kumwaibisha. Nduku alipopata nguvu, mama yake akarudi Mwala kwa mbuzi wake.

Kupona ni kazi, na hakuna anayekuonya. Suruali zangu zilishuka, nikawa nazifunga kwa kamba ya gunia. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Ngazi ya mlango wa mashine, ambayo ni ngazi moja tu, niliipanda kwa vituo. Nilisahau majina ya wateja wa siku zote nikawa nawaita wote "mama yangu", wakafikiri nimeokoka. Pua haikurudi. Chakula kilikuwa kama kutafuna karatasi, na muthokoi nilioupenda maisha yangu yote ukawa vijiwe tu mdomoni. Kyalo ndiye aliyekuwa akininusia mahindi.

Ugonjwa pia ulituachia kisirani nyumbani. Nduku alikuwa amechoka, mimi nilikuwa nimechoka, na kila mmoja aliona wake ndio uchovu. Nilisema supu haina chumvi. Aliniambia pua yangu ndiyo haina chumvi. Tulinuniana siku nzima kwa hilo. Kama wewe na wako mmefika hapo, jueni si nyinyi wa kwanza.

Chanjo ilipofika hadi zamu ya watu wa umri wangu, nilikwenda kuchanjwa hapa mjini. Mkono uliuma, homa kidogo, basi. Lakini sokoni ilikuwa vita ya maneno. Huyu anasema ukichanjwa bega linawaka taa. Yule amebandika sarafu mkononi anaonyesha watu kwamba haianguki, na ni jasho tu. Wanaume walikuwa na hofu yao nyingine, ambayo sitaiandika. Na maneno hayo yalifika Mwala kabla ya chanjo yenyewe, yakipanda mikokoteni ya punda pamoja na mitungi ya maji.

Ikaja baridi ya Julai, na ugonjwa ukarudi na hasira mpya. Safari hii haukukaa mjini. Kule Mwala wakaanza kuzika haraka haraka, watu wachache, jeneza halifunguliwi. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji na Susu kwenye bwawa moja alikohoa wiki hii, akazikwa wiki iliyofuata. Nduku alipoipata habari hiyo alikaa chini. Na mimi kuanzia hapo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Susu apate sindano kabla ugonjwa haujafika kwenye boma lake. Alikuwa amevuta hewa yangu mbovu kwa ajili yangu mara moja, akanusurika kwa rehema za Mungu. Mara ya pili sikutaka kumwachia bahati.

Niliposikia wahudumu wa chanjo watakuwa kwenye shule ya msingi karibu na kwake, nilichukua pikapu yangu ya mahindi nikaenda. Susu alikuwa tayari, amevaa gauni lake la kanisani la mikono mirefu, yenye vifungo hadi kwenye vifundo. Alipanda nyuma juu ya magunia matupu, kama anavyofanya siku zote, mgongo wake kwa mgongo wangu, dirisha dogo la pikapu katikati yetu. Nikafurahi. Nikajua ni rahisi.

Chanjo ilikuwa ikitolewa kwenye baraza la shule, meza mbili, hakuna pazia. Nilishika kitambulisho chake nikasimama kando ya meza ili kumsaidia kusema jina la kijiji na mwaka. Mama aliyekuwa mbele yake aliteremsha gauni begani akachomwa. Nesi akaita mwingine. Susu alitazama chini, akaniangalia miguu yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba amekumbuka mbuzi wake hawajanywa maji. Akageuka, akaenda zake kwa miguu.

Mbuzi walikuwa wamekunywa. Niliwaona nikipita.

Basi nikajua ni maneno ya sokoni yamemwingia. Nikaanza kampeni. Nilimtuma katekista wa kigango chao akamweleze. Katekista akarudi akasema mama amemsikiliza vizuri sana, amempa chai, na amekubali kila kitu. Wahudumu waliporudi, nikaenda tena. Susu akapanda pikapu. Tulipofika akashuka, akaniona na mimi ninashuka, akapanda tena akakaa juu ya magunia. Nilimrudisha nyumbani kwa hasira, na huko jirani walikuwa wakipanga viti vya matanga mengine.

Jioni ile nikiwa jikoni nilimwambia Nduku maneno mabaya. Nilimwambia mama yake atakufa na ujinga wake, na kwamba mimi nimechoka kumbembeleza mtu mzima anayeogopa sindano.

Nduku aliweka mwiko chini. "Mama haogopi sindano," akasema. "Amejifungua watoto saba kwenye ile nyumba ya udongo, ataogopa sindano? Anakuogopa wewe."

Nikamwuliza nimemfanya nini.

"Unamsindikiza mpaka kwa meza, Baba Mwende. Unasimama hapo na macho. Mama yangu atoe bega lake nje mbele ya mume wa binti yake, na kijiji chote kinaona? Wewe tangu unioe umewahi kuona hata kiwiko chake?"

Sikuwahi. Nikasema, sasa mbona hakuniambia.

"Angekuambiaje?" Nduku akasema. "Angemwambia paka?"

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye mashine, juu ya gunia. Mimi ninayejua nthoni, niliyelelewa nayo, nilikuwa nimesahau kwamba bega ni bega hata mbele ya nesi. Korona ilikuwa imenizoeza kufikiri kila anayekataa chanjo amedanganywa na watu wa sokoni. Na kilichoniuma zaidi ni lile ambalo Nduku hakulijua. Mama huyu alikuwa ameshavunja nthoni mara moja, chumbani mwangu, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Kumtaka aivunje tena hadharani, na mimi nikiwa nimesimama pale na kitambulisho kama karani, ilikuwa kumvua nguo aliyenivika. Nililia kidogo pale. Mashine ilikuwa imezimwa, hakuna aliyesikia.

Tulingoja wahudumu warudi, na kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko kungoja kwenye hema. Kila simu kutoka Mwala ilipoingia, Nduku aliniangalia kwanza kabla ya kuipokea. Siku moja Susu alikohoa akiwa kwenye simu. Ilikuwa moshi wa jikoni tu, lakini Nduku aliangusha sahani.

Hatimaye waliporudi, tulikwenda mimi na Nduku, tukampakia Susu kwake. Sikuegesha shuleni. Niliegesha nyuma ya ghala la nafaka, pua ya gari ikitazama barabara, nikakaa kwenye usukani na kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Nduku akamshika mama yake mkono wakaenda, amebeba leso mbili za kuzuia macho ya watu. Nilikaa nikisikiliza injini ikipoa. Mtu mmoja alipita akasema kwa sauti kwamba dawa kwenye sanduku inakaribia kuisha, na foleni bado. Nilitaka kuteremka niende kusukuma watu. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikabaki pale pale.

Baadaye nikasikia pikapu ikiinama nyuma, mtu amepanda. Nilijua uzito wake. Nduku alikuwa amebaki kungojea kadi ya chanjo. Tulikuwa wawili tu, mimi nikitazama barabara, yeye akitazama shule, na dirisha dogo liko wazi katikati yetu.

"Baba Mwende," akasema.

Niliruka kidogo. Hapakuwa na paka.

"Siku ile ulikuwa mzito," akasema, kwa Kikamba, taratibu. "Kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa."

Sikugeuka. Nilimwambia, "Asante, mwaitu," ambalo kwetu ni mama yangu.

Kisha akasema mbuzi atamleta mwenyewe. Kwa upande wa akina Nduku, nthoni ikivunjwa, aliyeivunja hutoa mbuzi, na mambo yanakuwa safi. Nikamwambia mbuzi ni wangu kutoa, mimi ndiye niliyekuwa kifua wazi. Akakataa. Akasema yeye ndiye aliyefungua pazia, na alilifungua akijua.

"Nilikaa kwenye kile kigoda nikafikiri," akasema. "Nikaona mbuzi wa aibu ni nafuu kuliko ng'ombe wa matanga."

Nduku alikuja na kadi, akapanda, akauliza mbona tumenyamaza hivyo. Nikawasha gari.

Ugonjwa ulifika kwenye boma lake mwishoni mwa baridi, ulipitia kwa mjukuu aliyekuja likizo. Susu alilala siku chache, akakohoa, akaamka akaenda kuvuna mbaazi. Mwenyewe anasema ilikuwa mafua. Mimi sibishani na mama mkwe.

Baada ya mvua za vuli kuanza alikuja Machakos kupata sindano ya pili, na hakuja mikono mitupu. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo nje ya mashine, beberu mweusi mwenye ndevu, mkubwa. Nduku alimtazama, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaelewa kwamba kuna jambo, na siku hiyo ndipo alipoambiwa yote. Ndiyo maana ninaweza kuyaandika. Mbuzi ameshatoka, hakuna aibu tena. Susu ameniruhusu, kwa sharti niandike pia kwamba mimi ni mwongo na nilikuwa nikilala chali.

Mchana ule yeye alikuwa jikoni na wanawake, mimi nilikuwa naingia kutoka kwenye mashine. Nilipompita yule beberu nikasimama. Kitu kilinigonga usoni. Nilidhani nimekosea, nikavuta pumzi tena, ndefu, kifua kikajaa chote. Nikamwita Nduku aje haraka. Alikuja mbio na mikono ina unga, akidhani nimeanguka. Nikamwambia mbuzi wa mama yake ananuka vibaya sana.

Akasema nirudie. Nikarudia. Akakaa juu ya gunia la mahindi akalia, na mimi nikasimama pale nikimnusa beberu kama mtu anayenusa maua.

Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, nikasikia ile sauti.

"Paka, mwambie mwenye nyumba, beberu ndivyo anavyonuka."